Barua ya wazi kwa wenye boti na wakuu wa bahari: meli za zamani zisituzamishie vijana

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia bahari, utalii na mambo ya kale Zanzibar. Na kwenu wenye boti, manahodha na waongoza wageni wa Unguja na Pemba.



Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeshaimaliza. Ofisini nimekwenda mara tatu, nimekaa kwenye benchi, nimeambiwa mhusika yuko safarini. Pwani nimezungumza na wenye boti mmoja mmoja. Walinijibu kwa adabu, wakanikaribisha kahawa, na kesho yake wakapakia wageni kama jana.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa pweza wa kusini Unguja. Nimeanza kuzamia kwa pumzi nikiwa na miaka tisa, kwa miwani ya kuazima, na leo ndiyo kazi yangu: nafundisha watu kuzamia bila mtungi. Siwaombi mzifunge meli zilizozama. Nazipenda kuliko mwamba wowote. Ukishuka asubuhi maji yakiwa safi, ukaona mbavu za chuma zimevaa matumbawe, chewa ametulia mlangoni kama mwenye nyumba, unajua kwa nini mgeni anavuka dunia kuja kuziona. Lakini namna mnavyowashusha watu pale itatuua, na karibu ituue kaskazi iliyopita.

Ilikuwa siku ya maji mafu. Nilikuwa na wanafunzi wangu wawili kwenye moja ya meli za zamani zilizo karibu na Mji Mkongwe. Boti nyingine ikaja, ikatupa nanga juu ya mwamba, ikashusha wageni wanane wenye maboya vifuani. Pamoja nao alikuwa kijana wa miaka 19 ninayemjua tangu anatambaa. Kazi yake siku ile ilikuwa kupita kwenye tundu la ubavu wa meli ili wageni wampige picha. Alipita mara ya kwanza, wakapiga makofi, wakaomba tena. Akahema haraka haraka kama walivyomfundisha wakubwa wake, akazama. Mara ya tatu. Mara ya nne. Baina ya mara moja na nyingine hakupumzika hata dakika nzima.

Mara ya nne aliibuka vizuri. Akashika ukingo wa boti, akavua miwani, akatabasamu. Mgeni mmoja aliinama kumwonyesha picha. Hapo midomo yake ikageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau, kichwa kikatikisika mara mbili tatu, vidole vikaachia, akashuka. Hakupiga kelele wala kurusha mikono. Maji hayakutoa hata povu. Nahodha akasema, "Mwacheni, anatania huyo."

Nilimkuta mita nne chini, amelala chali juu ya bamba la kutu, macho wazi. Nilimziba mdomo na pua kwa kiganja, nikampandisha, nikampulizia usoni, nikampigapiga shavu, nikamwita kwa jina lake na la mama yake. Zilipita labda sekunde kumi. Akavuta pumzi kwa sauti kama ya bawaba mbovu, akanitazama, akauliza, "Ami, mbona umenishika?" Kwa hesabu yake alikuwa bado ameshika boti, anatazama picha.

Ile boti haikuwa na mtu mwingine anayeweza kumfuata chini. Kwa sababu hiyo nina mambo ya kuwaambia, na katika kila jambo nina ombi.

1. Ufupi wa maji si kinga. Hili ndilo kubwa, nitakaa nalo. Mnatangaza kwamba meli fulani iko mita 8 tu, au 12 tu, kwa hiyo anayejua kuogelea anaweza kuifikia. Meli ya Great Northern, ile ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu baharini iliyogonga mwamba wa Fungu mwaka 1902, iko kwenye maji ya mita kumi na kitu, na kwa ajili hiyo kila mtu anaiona kama bwawa la kuogelea. Mzamiaji wa pumzi hatari yake kubwa haiko chini. Iko njiani kurudi, na mara nyingi karibu kabisa na juu. Kwenye mita 10 mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mapafu yaliyokuwa na lita 6 yanabanwa hadi lita 3, na kule kubanwa kunaisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Mtu anajiona mzima, ana muda, anazunguka mara moja zaidi. Akianza kupanda mapafu yanatanuka, msukumo wa ile oksijeni unapungua kwa nusu ndani ya sekunde chache, na ubongo unazimika kama taa. Hasikii maumivu. Wengine, kama kijana wetu, huwahi hata kuvuta pumzi moja au mbili juu kabla ya kuzirai, kwa sababu pumzi ya juu inachukua sekunde kadhaa kufika kichwani.

Na huko kuhema haraka haraka kabla ya kuzama, ambako vijana wanakuita kujaza pumzi, hakujazi chochote. Damu ya mtu mzima wa afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Kinachotoka ni hewa ukaa, na hewa ukaa ndiyo inayobisha hodi kifuani kusema sasa rudi juu. Mnamfukuza mlinzi mlangoni halafu mnamwambia mwenye nyumba alale.

Tena hiyo mita 8 ni ya saa ngapi? Wakati wa bamvua maji ya Unguja yanapanda na kushuka karibu mita 4. Meli iliyo mita 8 maji yakipwa, iko mita 12 yakijaa, na katikati ya kujaa mkondo unapita kwenye matundu ya chuma kama maji kwenye mfereji. Mzee wangu hakuwahi kuingia baharini bila kuuangalia mwezi. Boti zenu zinaondoka saa tatu kila siku, mwezi uwe mchanga au mpevu, kwa sababu ndiyo saa mgeni anamaliza chai.

Naomba kila meli inayopelekewa wageni iandikiwe kina chake maji yakipwa na maji yakijaa, na saa ya kwenda ipangwe na bahari. Naomba pia kuhema haraka haraka kupigwe marufuku kwenye boti zenu kuanzia kesho. Hili halihitaji bajeti wala kikao.

2. Paa. Mtu mwenye pumzi moja ana njia moja ya kuokoka, nayo ni juu. Ukiweka chuma kati yake na juu umeikata. Aliyezamia kwa mtungi akipotea ndani ya meli ana dakika za kutafuta mlango. Huyu wetu ana sekunde, tena pigo moja la pezi linatosha kuamsha tope lililolala miaka, tundu likafumba giza.

Sisemi kwa hofu ya mtu asiyejua. Julai 2017, kule Dahab, Misri, Stephen Keenan, mmoja wa waokoaji walioheshimiwa mno katika mchezo huu duniani, alifariki akimsaidia mwenzake Alessia Zecchini aliyekuwa akipita chini ya tao la mwamba kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Zecchini alipona. Keenan alikutwa akielea kifudifudi. Kina kile ni cha mabingwa na hakifanani na chetu, lakini shida ilikuwa ileile: mtu alikuwa chini ya paa, na hesabu ya kukutana ilipishana kidogo tu.

Chuma chetu nacho ni kizee. Bamba lililokuwa na unene wa kidole limekuwa kama bati la biskuti. Tundu nililopita mimi miaka kumi iliyopita leo limeziba nusu, na ncha zake zinakata suti ya kuzamia kama wembe. Wimbi likipita juu, meli inavuta maji na kuyatema. Likikuvuta ukiwa mlangoni, linakubandika kwenye ukingo.

Mgeni asiyefunzwa asipite chini ya paa lolote, hata la urefu wa mita moja. Narudia: lolote. Aliyefunzwa apite tu iwapo, kabla ya kuingia, anaona mwanga wa kutokea upande wa pili. Tundu liwe na upana wa watu wawili. Lisiwe na tope, nyavu wala mshipi. Mrija awe ameutoa mdomoni. Kamba ya usalama isiwe imefungwa mwilini mwake, maana ndani ya meli kamba hiyo hunasa. Na mwenzake awe anamsubiri upande wa kutokea. Wengi humweka mwenzao upande wa kuingilia, mahali ambapo hataonekana tena. Wenye boti, yashikeni haya masharti kama mnavyoshika bei zenu.

3. Anayezama awe na anayemwangalia. Kanuni ni nyepesi: mmoja chini, mmoja juu, hawazami pamoja. Wa juu anamtazama mwenzake muda wote, anashuka kumpokea njiani, na akishaibuka anaendelea kumtazama usoni kwa nusu dakika. Nusu dakika hiyo ndiyo aliyoikosa kijana wetu. Kisha anapumzika angalau mara mbili ya muda aliokaa chini, na wanabadilishana.

Hapa ndipo panaponiuma. Kwenye boti zenu mgeni anaangaliwa: ana boya, ana mtu wa kumshika mkono, amejaza fomu ya bima. Anayekwenda chini kumtafutia pweza, kumfukuzia samaki mbele ya kamera, kukwamua nanga, kumwokotea miwani iliyoanguka, huyo haangaliwi na mtu. Ni mtoto wa hapa. Mnasema amezaliwa baharini, atajua mwenyewe. Sisi tuliozaliwa baharini tunawajua watu waliokwenda kuzamia wakarudishwa wamebebwa, na mara nyingi husemwa tu kwamba siku yake imefika. Siku ya mtu anayo Mola. Kumwacha peke yake chini ni uamuzi wetu.

Kwa hiyo ombi la tatu ni hili: boti isipewe ruhusa ya kwenda kwenye meli iliyozama kama haina wazamiaji wawili waliofunzwa uokoaji, na kanuni ya mmoja juu iwalinde waongozaji kabla ya wageni. Boti iwe na mtungi wa oksijeni unaofanya kazi, na mtu anayejua kwamba aliyezama maji huanza kupewa pumzi, ndipo kifua kikandamizwe. Niliwahi kuonyeshwa mtungi kwenye boti moja. Mita yake ilikuwa kwenye sifuri.

4. Mitungi na pumzi visichanganywe. Nimeona mwongozaji wa mtungi akimpa mzamiaji wa pumzi hewa ya kunyonya kule chini, kwa mapenzi tu, ili akae zaidi. Hewa ile imeshabanwa. Akipanda huku ameizuia kifuani inatanuka na inaweza kupasua pafu, hata kutoka mita chache. Aliyetumia mtungi asubuhi naye asizamie kwa pumzi siku ileile, kwa sababu naitrojeni bado iko mwilini mwake. Liandikwe hilo ubaoni, kwa Kiswahili.

5. Nanga na nyavu. Kila nanga inayotupwa juu ya meli inavunja matumbawe na kulegeza chuma kitakachomwangukia mtu mwezi ujao. Wavuvi nao, ndugu zangu, wanapoteza nyavu na mishipi pale. Mshipi wa nailoni chini ya maji hauonekani mpaka umeshakushika mguu. Wekeni maboya ya kufungia boti, mawili kwa kila meli yanatosha. Tupeni siku mbili kwa mwaka, kabla ya kaskazi, wazamiaji na wavuvi tuingie pamoja kuzikata nyavu zilizokwama. Boti tutachangishana wenyewe, tunachohitaji ni kibali.

6. Tuwe na adabu na meli hizi. HMS Pegasus ya Waingereza ilipigwa na meli ya Wajerumani, Königsberg, asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga hapa inatengenezwa. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, mbele ya macho yetu. HHS Glasgow ya Masultani wa Zanzibar, iliyojengwa zama za Sayyid Barghash, ilizamishwa bandarini tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya Waingereza na Zanzibar vilivyoisha chini ya saa moja, na milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unayahesabu kuwa urithi mabaki yaliyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi, na unataka kwanza yahifadhiwe yalipo. Meli hizi mbili, na Great Northern kama ya tatu, zimeshapita umri huo. Hata hivyo kijana anatumwa ang'oe kipande cha shaba kwa ajili ya mgeni. Kung'oa ni kazi ya nguvu, na kazi ya nguvu chini ya maji inakula pumzi kuliko kitu chochote. Kwa hiyo ung'oaji wa mabaki ni wizi wa historia na ni hatari ya roho kwa wakati mmoja, na adhabu yake imfikie aliyetuma. Pegasus iko ndani zaidi. Iondolewe kabisa kwenye orodha ya kupeleka watu wa miwani na mrija.

7. Lugha na ada. Kozi niliyosoma mimi ilifundishwa kwa Kiingereza, ikalipiwa kwa dola, na ada yake ilinichukua misimu miwili kuikusanya. Kijana wa diko hawezi. Anajifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, na aliyemtangulia naye alijifunza kuhema haraka haraka. Naomba mafunzo ya siku tatu, kwa Kiswahili, bure, kwenye madiko yetu ya Malindi, Kizimkazi, Nungwi na Mkoani, kwa waongozaji na kwa wavuvi wa pweza pia. Kanuni ya mwenye bahari na kanuni ya mwenye kozi zinakubaliana zaidi kuliko mnavyodhani. Wavuvi wetu wakongwe walikuwa wakizamia wawili wawili, mmoja kwenye ngalawa, na aliyepanda hakushuka tena mpaka amalize kuzungumza. Nitafundisha bila malipo, na wako wenzangu watatu walioniahidi hivyo hivyo. Tunataka chumba, ubao, na barua inayosema aliyefuzu anatambuliwa.

Wako watakaosema masharti yatafukuza wageni. Mimi wageni wangu wananiuliza, kabla ya bei, ni nani atakuwa juu wakati wao wako chini. Wakisikia jibu wanalipa. Akifa mgeni mmoja ndani ya meli picha zake zitafika kote kabla maiti haijafika hospitali, na msimu mzima utakwenda naye. Akifa kijana wetu hakutakuwa na picha. Atazikwa alasiri, boti itaondoka saa tatu asubuhi yake. Jambo hilo la pili linanitisha kuliko la kwanza, na ningependa liwatishe na ninyi.

Naomba majibu kabla ya kaskazi kuingia. Niko tayari kuja ofisini, na niko tayari kumchukua kiongozi yeyote kwenye boti yangu aone kwa macho yake, kwa maji atakayochagua mwenyewe.

Kijana yule amerudi kazini, kwa sababu ana mama na wadogo zake. Wiki iliyopita nilipita jirani na boti yao nikamwona amevua shati, amekaa ukingoni, anahema taratibu kama nilivyomwelekeza. Nikatazama nani yuko naye. Walikuwepo wageni sita wenye simu mikononi, na nahodha aliyegeuka kuvuta kamba. Nikazima mashine, nikavaa miwani, nikabaki pale ndani ya maji mpaka alipoibuka, na nusu dakika zaidi.

Wenu katika bahari,
Mwalimu wa kuzamia kwa pumzi,
Unguja